Baba hataki tena kitu chochote: ni uzee au ni sonona?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 76. Mwaka jana alipata kiharusi chepesi, mkono wa kulia ukalegea, lakini kwa mazoezi ulirudi karibu wote. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakurudi. Alikuwa fundi wa saa, na hata baada ya kustaafu alikuwa na meza yake ya kazi dirishani. Sasa meza ina vumbi. Redio hasikilizi, ndevu hanyoi mpaka akumbushwe, na usiku anaamka saa tisa anakaa ukingoni mwa kitanda hadi kunakucha. Halii wala hasemi ana huzuni. Analalamikia miguu na tumbo. Vipimo vinasema hana kitu. Kaka zangu wanasema ni uzee, tumwache apumzike. Mimi nadhani ni sonona. Lakini najiuliza pia: hata kama ni sonona, kwa umri ule, akitibiwa atapata maisha gani? Na hospitali amegoma kwenda tena. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema mkono ulirudi lakini mwenyewe hakurudi. Anayeishi na mzee ndiye anayeweza kuliona jambo kama hilo. Sisi tunaokutana naye dakika 15 tunauona mkono, tunampima presha, tunaandika "anaendelea vizuri" na kumwita anayefuata.

Sitamtibu baba yako kwa maandishi, na yeyote atakayekuambia kwa uhakika ana nini kabla hajamwona, usimsikilize. Ila uliyoyaeleza yananitosha kusema kwamba kumwacha apumzike ndiyo njia ambayo mimi nisingeichagua.

Nianze na kaka zako, maana hoja yao inasikika ya busara na wanaiamini watu wengi, wakiwemo wauguzi na madaktari. Uzee kweli huchukua vitu. Huchukua macho, magoti, kasi ya mikono, na marafiki mmoja baada ya mwingine. Lakini kwa kawaida huchukua uwezo na kumwachia mtu hamu yake. Fundi wa saa aliyezeeka tu, utamsikia akilalamika kwamba skrubu zimekuwa ndogo mno, taa haitoshi, na nani kaificha lenzi yangu. Atahangaika siku tatu na saa ambayo zamani angeimaliza asubuhi moja, naye atakuwa mkali kwelikweli. Ugomvi huo unaonyesha kwamba kazi bado anaitaka. Baba yako hagombani na mikono yake. Mkono umerudi, meza ipo palepale, na haitazami. Hapo kilichoondoka ni hamu, na umri peke yake hauna kawaida ya kuiondoa hamu ndani ya mwaka mmoja.

Kama sonona ingekuwa sehemu ya kuzeeka, tungeikuta kwa wazee wote au wengi wao, kama mvi. Haiko hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wana tatizo fulani la afya ya akili, na sonona pamoja na wasiwasi uliopitiliza ndiyo yanayoongoza. Hao ni wengi sana ukiwahesabu dunia nzima, lakini maana yake pia ni kwamba wazee wengi hawana sonona. Mwenye sonona anaumwa, kama anavyoumwa mwenye kisukari.

Sasa hili la kutolia. Watu wanangoja machozi ndipo waamini. Kwa vigezo tunavyotumia, sonona hutambuliwa pale dalili kadhaa zinapodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na moja kati yake lazima iwe huzuni au kupotea kwa hamu na raha. Nasisitiza neno "au". Mtu anaweza kuwa na sonona kamili bila kutamka neno huzuni hata mara moja, na kwa wazee hiyo ndiyo sura tunayoiona mara nyingi: usingizi unaokatika alfajiri na mapema, mwili mzito, tumbo lisiloeleweka, miguu inayouma bila uvimbe, hasira ndogondogo, chakula kisicho na ladha. Wengi wao walilelewa kuamini kwamba mtu mzima hasemi habari za moyo wake, hivyo moyo unasemewa na tumbo. Ukimuuliza "una huzuni?" atajibu hapana, na hasemi uongo. Muulize "mambo uliyokuwa unayapenda, bado unayafanya?" Jibu linakuwa refu zaidi, au kimya kinakuwa kirefu zaidi.

Kuna dodoso linaloitwa Kipimo cha Sonona kwa Wazee, lililotungwa na Jerome Yesavage na wenzake huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa na maswali 30, na baadaye likafupishwa kuwa 15. Ninalipenda kwa sababu mbili. Majibu yake ni ndiyo au hapana tu, kwa hiyo mzee haulizwi apime huzuni yake kwa namba kama anayepima unga. Na waliolitunga waliacha kwa makusudi maswali ya maumivu na uchovu wa mwili, kwa kuwa hayo mzee anaweza kuwa nayo kwa sababu nyingine mia. Linauliza kama ameridhika na maisha yake, kama ameziacha shughuli zake, kama anaona maisha yake ni matupu, kama anajiona hana thamani alivyo sasa. Katika lile la maswali 15, alama 5 au zaidi zinataka uchunguzi wa kina. Halitoshi kutoa hukumu, lakini linafungua mazungumzo ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuyafungua.

Kiharusi nacho kina mkono wake hapa. Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani baadaye, hata wale ambao kiharusi chao kilikuwa chepesi. Sehemu ya sababu inaeleweka na kila mtu: umeonja kifo, mwili umekusaliti, unaogopa usiku. Sehemu nyingine iko kwenye ubongo wenyewe. Mishipa midogo ya damu iliyochakaa kwa miaka ya presha huharibu njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na zile zinazoshughulika na hisia na msukumo wa kutenda. Tangu mwaka 1997 wataalamu wamekuwa wakiizungumzia sonona ya namna hii kama aina yenye sura yake: uzito wa kuanza jambo, fikra za polepole, huzuni ya wazi kidogo. Kwa hiyo kaka yako akisema "hata mimi ningepata kiharusi ningekuwa hivyo," mjibu kwamba huenda kweli, na wewe pia tungekutibu. Kujua moto umeanzia wapi hakujauzima.

Lazima nikuongezee jambo linaloichafua kidogo hesabu yangu ya uwezo na hamu. Baada ya kiharusi kuna watu wanaopoteza msukumo wa kutenda lakini hawaumii moyoni. Wanakaa tu. Hawana hatia, hawana mawazo ya kiza, wanalala vizuri, ukiwapeleka mahali wanakwenda, ukiwarudisha wanarudi. Hiyo si sonona ingawa kwa nje inafanana nayo, na dawa za sonona hazina msaada mkubwa kwake. Kwa baba yako kinachonivuta upande wa sonona ni ile saa tisa ya usiku. Mtu asiyejali hulala. Anayekaa ukingoni mwa kitanda hadi kunakucha, kuna kitu anakitazama gizani. Lakini hilo la kutofautisha ni la daktari atakayekaa naye.

Twende kwenye swali lako la pili, ambalo watu wengi wanalo kichwani ila wanaona aibu kuliuliza: kwa umri ule, akitibiwa atapata maisha gani?

Neno tunalolitumia ni ubora wa maisha, na wengi hudhani maana yake ni afya nzuri, fedha na nyumba. Shirika la Afya Duniani linautazama kwa namna nyingine: ni jinsi mtu mwenyewe anavyoona nafasi yake katika maisha, kwa kadiri ya utamaduni wake, malengo yake na matarajio yake. Mwenyewe. Si mtoto wake, si daktari. Kwa wazee shirika hilo lina dodoso maalumu lenye maswali 24 katika maeneo sita: milango ya fahamu kama kusikia na kuona, kujiamulia, kuridhika na aliyoyatimiza pamoja na anayoyatarajia, kushiriki na watu, anavyokikabili kifo, na ukaribu wa kimapenzi. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba magonjwa hayamo. Mzee anaweza kuwa na kisukari, presha na goti bovu akapata alama za juu. Watafiti wawili, Albrecht na Devlieger, waliandika mwaka 1999 kuhusu watu wenye ulemavu mkubwa ambao wengi wao walisema wana maisha mazuri, jambo lililowashangaza waliokuwa wakiwatazama kwa nje. Mtu huzoea mguu usiotembea. Hupanga upya siku yake kuuzunguka.

Sonona inakamata hamu yenyewe ambayo mtu anaitumia kuipanga upya siku yake. Ndiyo sababu mzee mwenye ugonjwa mmoja na sonona mara nyingi husema ana maisha mabaya kuliko jirani yake mwenye magonjwa manne.

Eneo la kujiamulia nataka tukae nalo kidogo, kwa kuwa hapo familia nzuri ndizo zinazokosea zaidi. Mzee anapoacha kutaka, watoto huanza kutaka kwa niaba yake. Mnamchagulia shati, mnamjibia wageni, mnamkatia chakula, mnaamua alale saa ngapi. Kila kimoja kinafanywa kwa upendo. Lakini akilini mwake sonona tayari inamwambia kuwa yeye ni mzigo, na sasa kila saa anapewa ushahidi. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja mbele ya bintiye, "Unapenda kuketi wapi?" Binti akajibu, "Anapenda pale." Mzee akanitazama mimi, kisha akamtazama binti, akainama. Dakika nzima ya uchunguzi ilikuwa imo katika mtazamo ule.

Eneo la aliyoyatimiza nalo huharibika kwa namna ya ajabu. Ungetegemea yaliyopita yawe salama, yameshapita. Sonona huyarudia na kuyaandika upya. Mtu aliyelea watoto sita, akasomesha wanne, anakuambia kwa sauti tulivu kwamba hakuna alichofanya duniani. Ukimhesabia mafanikio yake anakuwa mpole, anakubali kwa mdomo, na haamini hata moja. Usibishane naye kwa ushahidi. Unachosha wote wawili.

Kuhusu ukaribu wa kimapenzi nitapita haraka, kwani najua unazungumza habari za baba yako. Niseme tu kwamba wazee wanao, hukosekana kwa sonona, na baadhi ya dawa za sonona nazo huupunguza. Daktari asipouliza, mwenye tatizo hatasema. Ataacha dawa kimyakimya.

Mwili nao hauachwi. Asiyetoka kitandani hupoteza misuli, na kwa mzee misuli hupotea upesi na kurudi polepole. Misuli ikipungua mzee huanguka, akianguka mara moja huogopa, akiogopa hatoki, na asipotoka sonona inanenepa. Tena kuna dawa. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye sonona wana uwezekano wa takribani mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu yao mengine. Kwa baba yako hayo matibabu mengine ni vidonge vya kuzuia kiharusi cha pili. Ukitaka hoja moja ya kuwapa kaka zako, wape hiyo. Hesabuni vidonge vilivyobaki kwenye pakiti mlinganishe na tarehe ya kununua. Kupumzika kunamfaa aliyechoka kwa kazi. Huyu amechoka bila kazi, na kila siku ya kupumzika inamwongezea.

Nikueleze habari ya mama mmoja, mambo machache nimeyabadilisha asitambulike. Alikuwa na miaka 71, faili lake nene kama kamusi, lote maumivu ya mgongo. Nilichoka kuuliza habari za mgongo, nikamuuliza jioni zake alikuwa akizipitishaje zamani. Akasema alikuwa anafuma vitambaa vya meza. Na sasa? Akasema kipo kimoja, hajakimaliza. Mwezi uliofuata bintiye alikileta kwenye mfuko. Ulikuwa mduara wa uzi mweupe, nusu, na sindano ya kufumia ikiwa bado imechomekwa kwenye kitanzi cha mwisho, pale alipoishia miezi minane nyuma. Uzi ulio karibu na sindano ulikuwa umeanza kugeuka manjano. Sikumwambia amalize. Nilimwomba afume mizunguko miwili kila siku baada ya kuoga, apende asipende, kisha aweke chini hata kama anataka kuendelea. Alianza na dawa pia, kwa dozi ndogo. Wiki ya tano alikuja akilalamika kwamba uzi wa rangi ile haupatikani tena dukani na kile kipya hakilingani. Alikuwa amekasirika. Mgongo ulikuwa bado unauma, ila hakuutaja mpaka nilipomuuliza mimi.

Hilo ndilo jibu la "atapata maisha gani". Umri haukurudi nyuma, na mgongo haukupona. Alirudi yule aliyejali rangi ya uzi.

Kwa takwimu sasa. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani chini ya Jürgen Unützer, wenye wazee 1,801 wa miaka 60 na zaidi katika kliniki 18. Nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mtu mmoja, muuguzi au mwanasaikolojia, aliyewafuatilia, kuwafundisha njia fupi ya kutatua matatizo, kuangalia kama dawa inafanya kazi, na kushauriana na daktari wao pamoja na daktari wa afya ya akili. Baada ya miezi 12, asilimia 45 ya waliofuatiliwa walikuwa wamepunguza dalili zao angalau kwa nusu, dhidi ya asilimia 19 ya wenzao. Shughuli zao za kila siku na ubora wa maisha yao navyo vilipanda. Utaona kwamba hata kwenye kundi lililotunzwa vizuri zaidi ya nusu hawakufikia kiwango hicho, kwa hiyo sikuahidi muujiza. Ninachokiona kwenye namba hizo ni kwamba tofauti haikuletwa na dawa mpya. Ililetwa na mtu aliyerudi kuuliza "umeendeleaje?" na kubadilisha mpango ulipokwama.

Kabla ya matibabu, daktari aangalie vinavyoweza kuiga sonona au kuichochea: homoni za tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, vitamini B12, madini ya sodiamu. Kusikia kupimwe, maana asiyesikia hujitenga na watu wakadhani amewachukia. Dawa zote anazotumia zitazamwe, zikiwemo za kikundi cha steroidi, za usingizi, na za kienyeji ambazo hamkumwambia daktari. Pombe iulizwe bila aibu. Kumbukumbu pia. Sonona nzito inaweza kumfanya mzee asahau hadi mkadhani ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Leslie Kiloh, daktari wa magonjwa ya akili, aliiandika hali hii mwaka 1961. Mwenye sonona mara nyingi hujibu "sijui" hata kabla hajajaribu, na usahaulifu wake unamuuma, wakati mwenye ugonjwa wa kumbukumbu hujaribu kuficha au kubahatisha jibu. Hata hivyo, sonona inayoanza mara ya kwanza uzeeni wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa kumbukumbu, kwa hiyo ufuatiliaji usiishie kwenye kupona huzuni.

Dawa zipo na zinasaidia. Kwa wazee tunaanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu, bila kuishia njiani: kosa la kumwacha mzee kwenye dozi ya kuanzia miezi sita ni la kawaida kuliko la kumzidishia. Dawa kama sertralini ni miongoni mwa zinazochaguliwa mwanzo. Huweza kushusha sodiamu kwa wazee, hivyo akianza kuchanganyikiwa au kulegea ghafla katika wiki za mwanzo, damu ipimwe. Na kwa kuwa alipata kiharusi, mwambieni daktari kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu mchanganyiko huo huongeza hatari ya kuvuja damu. Amitriptilini, dawa ya zamani ambayo bado inaandikwa sana, kwa umri wake siipendi: hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo, huvuruga mapigo ya moyo na akili, na huangusha watu. Diazepamu kwa ajili ya ile saa tisa ya usiku, hapana. Italeta usingizi wa wiki chache, kisha mtego na kuvunjika nyonga.

Mvumilie. Wiki nne hadi sita ndipo dawa inaanza kuonekana, na kwa mzee inaweza kwenda hadi wiki nane au kumi na mbili. Mara nyingi nyumbani mnaona mabadiliko kabla yake: anakula zaidi, anaitika upesi, huku yeye akisema hali ni ileile. Akipona asiache, dawa huendelea angalau miezi sita hadi mwaka, na huachwa kwa kupunguza polepole.

Tiba ya mazungumzo inafanya kazi kwa wazee sawa na kwa vijana. Eti mzee habadiliki, hayo ni maneno tu. Ipo pia ile ya kuyapitia maisha yako kwa kuyasimulia, ambayo chimbuko lake ni maandishi ya daktari Robert Butler ya mwaka 1963, na baba yako naona ingemfaa. Nyumbani mnaweza kuanza na kitu kidogo kuliko mnavyofikiri. Msimwambie atengeneze saa. Futa vumbi mezani, kisha mpelekee saa yako iliyosimama na umuulize betri imekwisha au ni mashine. Swali la kweli, kutoka kwa mtu anayehitaji jibu. Akisema "niache", iache saa mezani uondoke. Kesho yake usiulize. Sonona huwafanya watu wangoje hamu ije ndipo watende. Kwa ugonjwa huu hamu hufuata nyuma ya kitendo, mara nyingi siku nyingi nyuma. Kwa hiyo kitendo kiwe kidogo, kiwe na saa yake maalumu, na kisifiwe kwa kiasi. Mzee hapendi kupigiwa makofi kwa kunyoa ndevu.

Akifika mahali anakataa kula na kunywa, au anasikia sauti, au anaamini viungo vyake vya ndani vimeoza, hiyo ni sonona kali inayohitaji hospitali. Huko tiba ya umeme chini ya usingizi wa dawa ni miongoni mwa zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa wazee, licha ya sifa mbaya iliyopewa.

Na kuna jambo ambalo hukuuliza. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba karibu robo ya vifo vya kujiua duniani ni vya watu wa miaka 60 na zaidi. Wazee hujaribu mara chache kuliko vijana, lakini wakijaribu hufa zaidi, na mara nyingi hawakutishia mtu. Muulize. Kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili: "Baba, umewahi kufikiri ni afadhali usingeamka? Umewahi kufikiri kujiondoa?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia. Tazama kama anagawa vifaa vyake vya kazi, anaweka vidonge akiba, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida. Akisema ndiyo, na hasa akiwa na mpango, asibaki peke yake, ondoeni dawa na vyenye ncha karibu naye, na mpelekeni siku hiyohiyo.

Sasa hospitali aliyoigomea. Amekwenda mara kadhaa na kila mara ameambiwa hana kitu. Ungekuwa wewe ungerudi? Alichosikia yeye ni kwamba anadanganya. Usimwambie unampeleka kwa daktari wa akili, na usimdanganye kwamba mnakwenda kumwona mgonjwa. Akigundua, mlango umefungwa kwa mwaka. Anza na kinachomsumbua yeye. Mwambie, "Baba, naona usiku hulali, na miguu inakuuma kweli. Nataka daktari aangalie usingizi." Usingizi hauna aibu, na daktari yeyote anayejua kazi yake atafika kwenye mengine kupitia hapo. Mpe yeye achague siku. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, na karatasi yenye mistari mitatu tu: tarehe ya kiharusi, alichoacha kufanya, na saa anayoamka. Mkifika, mwombe daktari azungumze naye kwanza peke yake. Wewe subiri nje, uitwe baadaye.